Mzee Aliye Nyumbani Kwako Ana Haki

Ni muuguzi wenu wa afya ya jamii tena.

Katika mazungumzo yetu tumezoea kusema juu ya mtoto mchanga na mama mjamzito. Leo ninaomba tuzungumze juu ya mtu mwingine aliye hapo nyumbani kwako, ambaye naye huoshwa, hulishwa na kubadilishwa nguo, lakini hana kadi ya kliniki na hakuna anayempima uzito. Namsema kukhu. Namsema kuka. Namsema yule mzee anayelala katika nyumba ndogo nyuma ya jiko.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Ulikuwa wakati wa kupalilia mahindi, nami nilikuwa nimetembelea boma moja la upande huu kumwona mtoto wa majuma mawili. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri. Nilipokuwa nikiandika katika kitabu nikasikia mtu akigonga mlango kutoka ndani. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa nje, kwa kipande cha waya.

Nikamwuliza mama wa mtoto, "Kuna nani mle?"

"Ni kukhu tu, sista. Nikienda shamba namfungia asipotee."

Tulifungua. Kukhu alikuwa amelala juu ya gunia, nguo zimelowa, na kwenye nyonga yake ya kushoto kulikuwa na kidonda kipana kama mdomo wa kikombe cha chai. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Kikombe cha maji kilikuwepo, lakini kilikuwa dirishani, mahali ambapo mkono wake haungefika. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mahindi yamefika wapi? Mvua imetosha?" Alikuwa amelima shamba lile tangu akiwa mke mgeni, na sasa alikuwa haruhusiwi hata kuliona.

Kabla hujamhukumu yule mama, ngoja kwanza. Alikuwa amejifungua siku kumi na nne tu. Alikuwa na watoto wengine wanne, ng'ombe mmoja wa kukamua, na mume aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo Nairobi. Mashemeji watatu walikuwa hai, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekanyaga hapo tangu Krismasi. Nilipomwuliza kwa nini kukhu hapewi maji, aliniambia ukweli: akinywa anakojoa, na hakuna mtu wa kufua. Halafu akaketi chini akalia. Mimi nami nilikosa la kusema kwa muda.

Basi mazungumzo ya leo si ya kuwachapa akina mama wanaotunza wazee. Wengi wenu mnabeba mzigo wa ukoo mzima peke yenu. Lakini yule kukhu alikuwa akinyimwa vitu ambavyo ni haki yake, na mtu akinyimwa haki hizo mwili wake huoza akiwa hai. Nimeuona huo mwili.

Sasa hizo haki ziko wapi? Ziko katika Katiba ya Kenya tuliyoipitisha mwaka 2010. Kifungu cha 57 kinasema juu ya wazee peke yao, na Katiba inamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60. Kinasema mzee ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, haki ya kujiendeleza, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa yake na kutoka kwa Serikali. Sikiliza tena hapo mwisho: jamaa na Serikali. Haikuandikwa mke wa mwana. Jamaa ni pamoja na yule mwana aliye Nairobi, na binti aliyeolewa Webuye, na yule wa Eldoret anayetuma pesa za simu mara mbili kwa mwaka halafu anapiga simu kuuliza mbona mama amekonda.

Ukipata nafasi ya kikao cha familia, siku ya mazishi au ya tohara wakati wote wako nyumbani, sema maneno hayo. Usiseme kwa ugomvi. Mwambie mzee wa ukoo awaulize: nani ananunua sabuni na nepi za watu wazima? Nani anakuja kukaa naye siku mbili kila mwezi ili huyu mama apumzike? Nani analipia dawa ya presha? Majibu yaandikwe kwenye karatasi. Pale kwa kukhu tulifanya hivyo, na nitawaambia baadaye ilikuwaje.

Twende kwenye mwili sasa, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe hupata vidonda vya kulala. Mfupa hukandamiza ngozi, damu haipiti, na nyama hufa kutoka ndani kabla hujaona kitu juu. Mahali pa kutazama ni matako na mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko, mabega na nyuma ya kichwa. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kama picha za vitabuni. Wewe tazama mahali palipokuwa peusi zaidi au rangi ya zambarau, gusa kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pengine. Ukiona hivyo, hapo mahali pasilaliwe tena mpaka parudi kawaida. Usipasugue. Kusugua huzidi kuharibu.

Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Usiku geuza unapoamka kunyonyesha au kwenda haja. Weka mto au blanketi iliyokunjwa chini ya ndama za miguu ili visigino vielee, visiguse kitanda. Gunia tupu juu ya sakafu halifai. Godoro, hata la zamani, lifunike kwa plastiki, halafu shuka juu ya plastiki, maana plastiki ikigusa ngozi huleta jasho na kuichuna.

Kidonda kikishatoka, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, ufunike kwa kitambaa safi, kisha mlete zahanati au umwite mhudumu wa afya wa kijiji chako. Majivu, spiriti, mafuta ya taa na majani yaliyotwangwa visiwekwe. Kikinuka, kikiwa na nyama nyeusi, au mzee akiwa na homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na chakula kina kazi yake: kidonda hakiponi kwa uji mweupe. Mpe maharagwe yaliyopondwa, mayai, omena, maziwa, mrenda. Kama hana meno, ponda.

Juu ya maji, nasema kwa mkazo. Kumnyima mzee maji ili asikojoe ni kumdhuru. Maji yakipungua mwilini mkojo unakuwa mkali, unachoma ngozi, unaleta ugonjwa wa kibofu, na mzee anaanza kupayuka usiku. Afadhali umpe maji mchana kutwa, upunguze kidogo tu saa za kulala, na umpeleke haja kwa saa: akiamka, baada ya chai, kabla ya chakula cha mchana, alasiri, jioni. Wengi wanaosemwa wanajikojolea wanachelewa tu. Choo kiko mbali, njia ina utelezi, na hakuna wa kuwashika mkono. Ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda imewaokoa wazee wengi aibu hiyo, na kuwaokoa kuanguka na kuvunjika nyonga pia.

Lipo jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo haviligusi. Kwetu, mke wa mwana hawezi kumvua nguo baba mkwe akamwosha. Ni mwiko, na mimi sitakuja kwenye redio nikuambie uvunje heshima hiyo. Lakini nimeona kuka akikaa juma zima bila kuoga kwa sababu hiyo. Mila zetu zenyewe zina dawa: mjukuu na babu yake hawana aibu. Hutaniana. Tafuta mjukuu wa kiume aliyebalehe, mfundishe, mpe glavu, na umsifu akimaliza. Kama hayupo, zungumza na mwanamume wa rika la mzee, au mwite kaka yake. Wakati wa kuosha mlango ufungwe, na mwili ufunikwe kwa shuka, sehemu inayooshwa tu ndiyo ifunuliwe. Haki ya heshima iliyoandikwa katika Katiba, ukiileta nyumbani, ni hilo shuka.

Na mwulize mzee mwenyewe. Hapa nitaungama. Miaka yangu ya kwanza kazini, mama mkwe akiletwa na mke wa mwana, nilikuwa nikimwuliza yule mke wa mwana: "Anaumwa wapi? Anakula?" Mgonjwa ameketi pale pale mbele yangu, ana masikio, ana ulimi. Siku moja mzee mmoja akaniambia, "Binti, mimi sijafa." Tangu siku hiyo nauliza mwenyewe kwanza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa ugonjwa wake na matibabu yake, na ya kukubali au kukataa. Miaka 80 haiondoi haki hiyo. Ukimleta mzee kliniki na muuguzi akakugeukia wewe, sema kwa adabu, "Sista, mwulize yeye."

Wengine husema, huyu wetu hajui tena lolote, amechanganyikiwa. Hapa tutulie kidogo, maana ndipo watu wanapouawa.

Kuna ugonjwa wa kusahau ambao huja uzeeni, madaktari huuita dimensia. Mzee anasahau majina ya wanawe, anauliza neno moja mara kumi, anatoka usiku akisema anarudi kwao alikozaliwa, anakutwa katika boma la jirani amesimama bila nguo. Ubongo umeugua, kama vile figo au moyo unavyougua. Lakini mzee asiye na nguo saa nane za usiku mlangoni kwa jirani, unajua watu watasema nini. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee walichomwa moto wakisingiziwa uchawi. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa neno hilo hilo kwa miaka mingi, na wengine waliponea kwa kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Mara nyingi kesi hizo hubeba na jambo la shamba ndani yake. Mvi si ushahidi. Macho mekundu ni moshi wa jiko wa miaka 60. Jirani akianza kunong'ona juu ya kukhu wako, usinyamaze. Nenda kwa mzee wa kijiji na kwa chifu mapema, na umwambie mhudumu wa afya aje aeleze ugonjwa huo mbele ya majirani.

Na akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Huenda ni malaria, nimonia, ugonjwa wa kibofu, upungufu wa maji, au sukari imeshuka kwa mgonjwa wa kisukari. Hayo yanatibika. Mlete.

Kumfunga kwa kamba au kumfungia ndani si matibabu, wala kumpa vidonge vya usingizi ambavyo hakuandikiwa. Moto ukizuka atatokaje? Kwa mzee anayetangatanga, weka kengele au kopo lenye kokoto kwenye lango, mshonee namba ya simu ndani ya nguo, waambie watu wa boda boda wa senta wamjue kwa sura. Mpe kazi ya mikono: kukoboa mahindi, kuchambua maharagwe. Mtu mwenye kazi mkononi hatembei sana. Ukienda shamba, nenda naye aketi kivulini ikiwa anaweza.

Sasa pesa na kitambulisho. Serikali ina mpango wa Inua Jamii, ambao mnamo 2018 ulipanuliwa uwafikie wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Kufika miaka 70 hakukuingizi siku hiyo hiyo, usajili hufanywa kwa awamu, kwa hiyo ulizia ofisi ya chifu kila mara na uhakikishe jina limeandikwa. Mzee asiyeweza kutembea huteua mlezi wa kumpokelea. Huyo mlezi ni mjumbe tu. Pesa ni za mzee. Yule kukhu niliyewasimulia alikuwa ameandikishwa, tena miaka kadhaa. Kitambulisho chake kilikaa na mjukuu mmoja pale senta, na kila malipo yalipoingia mjukuu alinunua alichonunua. Kukhu alikuwa amelala juu ya gunia na kila mwezi kuna 2,000 zenye jina lake. Fanya hesabu mwenyewe: hizo zingenunua godoro, sabuni, mayai.

Kitambulisho kikae na mzee, au na yule anayemtunza kila siku. Bila kitambulisho hata matibabu yanakwama. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mtu anatakiwa ajiandikishe. Aliyejiandikisha hatozwi ada katika zahanati na vituo vya afya. Lakini akilazwa hospitali kubwa lazima mchango wake uwe umelipwa. Hapo tena ndipo watoto walio mjini wanapotakiwa, kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja kabla ugonjwa haujabisha hodi. Nimeona pia alama za vidole zikikataliwa na mashine, kwa sababu vidole vilivyoshika jembe miaka 50 vimelainika. Usirudi nyumbani ukakata tamaa. Omba njia nyingine, na urudi kwa chifu.

Kama pesa zinaliwa, ripoti kwa kamati ya walengwa ya lokesheni yenu, kwa chifu, au kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kubadilisha mlezi kunawezekana.

Juu ya shamba nitasema machache, ingawa ni jambo refu. Wazee wetu wengi hapa si wenyeji wa jana. Walikuja baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba ya walowezi yalipogawanywa, wakapewa ploti, wakalipa mkopo wa ardhi kwa mahindi na maziwa miaka na miaka. Leo mzee akiugua, kuna anayekuja na karatasi na wino wa kidole gumba. Jueni kwamba ardhi ya kilimo haihamishwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na mwenye shamba anapaswa kuulizwa huko. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi kukubali. Hiyo ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Na mama mjane: chini ya Sheria ya Urithi, ikiwa mume hakuacha wosia, mjane asiyeolewa tena ana haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Watoto hawawezi kumwambia ahame ili wagawane. Kuigusa mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama ni kosa. Karatasi ikiletwa kitandani, mzee asiweke kidole mpaka mtu anayemwamini asiye na faida katika shamba hilo amsomee yote.

Wasikilizaji wengine wameniuliza habari za makao ya wazee. Mtoto aliye Nairobi anasema, "Tumpeleke mama kwenye nyumba ya wazee, watamtunza vizuri kuliko sisi." Makao yapo, si mengi. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya masista wa Kikatoliki kule Kasarani, na Mji wa Huruma wa serikali ya kaunti. Wenzetu wa Zanzibar wana makao ya serikali ya Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 wanalipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Sitasema makao ni laana, kama wengi wanavyosema mazishini. Kuna mzee asiye na mtu kabisa, na kwake makao mazuri ni uhai.

Lakini mwaka 2023 waandishi wa BBC Africa Eye walionyesha kwa siri yaliyokuwa yakitendeka ndani ya makao moja nje ya Nairobi: wazee wakipigwa, wakinyimwa chakula cha kutosha na matibabu. Kwa hiyo kumlipia mtu makao si mwisho wa wajibu wako. Kwanza, yeye mwenyewe amekubali? Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, uliopitishwa Januari 2016 na kuanza kuwa na nguvu mwaka 2024, unataka makao yawe ya hiari na yafikie viwango vilivyowekwa. Pili, nenda bila kutoa habari, tena saa ya chakula. Nusa. Makao yanayonuka mkojo mchana ni makao yasiyobadilisha watu. Tazama kucha, midomo, visigino. Uliza nani anashika kitambulisho chake na pesa zake, kama ana nguo zake mwenyewe, kama anaweza kupiga simu, kama kuna daftari la dawa, na malalamiko hupelekwa wapi. Kaa naye faraghani, mhudumu akiwa mbali, umwulize analalaje. Mzee anayemtazama mhudumu kwanza kabla ya kukujibu, amekwisha kukujibu.

Na hapa nyumbani pia dalili ni hizo hizo: alama za vidole kwenye mikono ya juu, michubuko isiyo na maelezo, kukonda ilhali chakula kipo, woga mtu fulani akiingia. Dhuluma ya mzee ni kosa. Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inataja kupigwa, matusi, vitisho, kufukuzwa katika makazi, na hata kuporwa riziki, na inamruhusu aliyedhulumiwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Mahakama ziko Kimilili, Webuye, Bungoma na Kitale. Polisi wana dawati la jinsia. Namba 1195 ni ya bure, mchana na usiku. Kama ni kupigwa au kunajisiwa, mlete hospitali kabla hajaoga, na nguo zake mziweke katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Ndiyo, wazee nao hunajisiwa. Nimewapokea.

Najua hofu ya kuripoti. Wewe ni mke wa nyumba hiyo, na anayedhulumu ni shemeji yako. Basi njoo kwetu kliniki kana kwamba umeleta mtoto, utuambie chini chini. Tutafika nyumbani kwa sababu nyingine. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao tangu Septemba 2023 walipewa mabegi yenye mashine za kupima presha na sukari, huingia kila boma. Hakuna atakayeuliza walikuja kwa nini.

Sasa niwamalizie habari za kukhu. Mzee wa ukoo aliitisha kikao siku ya Jumapili. Kelele zilikuwepo, siwafichi. Mjukuu alirudisha kitambulisho siku ya tatu, baada ya chifu kumtumia neno. Binti aliyeolewa alikuja akakaa majuma sita mpaka mama wa mtoto akapata nguvu. Mashemeji wawili walianza kutuma pesa ya sabuni. Wa tatu mpaka leo hajatuma. Godoro lilinunuliwa kwa Inua Jamii. Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga, tulikiosha na mhudumu wa kijiji kwa zamu, na kumbukumbu yake haikurudi, wala hatukutazamia irudi. Waya wa mlangoni uliondolewa. Msimu uliofuata niliwakuta wamemketisha kwenye kiti ukingoni mwa shamba, mtoto yule ambaye sasa anatambaa yuko miguuni pake, naye kukhu anawagombeza watu kwamba wamepanda mistari ya mahindi karibu karibu. Alikuwa na haki. Niliitazama ile mistari, kweli ilikuwa imebanana.

Leo kabla hujalala, chukua tochi uingie kwake. Tazama visigino na mfupa wa mkia, na kikombe cha maji kiweke mahali mkono wake unafika. Ukiona usichokielewa, kliniki yetu hufunguliwa asubuhi, njoo hata bila yeye.

Katika mazungumzo yajayo tutasema juu ya mtoto wa jicho, na namna ya kumfikisha mzee kwa upasuaji wa macho. Kwaherini.